STIRIO YA BABU HAIUZWI KWA KILO

Je, kwenu nyumbani hakuna kitu kimoja kikubwa kilichofunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki, na ambacho hakuna anayekumbuka mara ya mwisho kilipofanya kazi? Kwetu kilikuwepo. Ni stirio ya Babu. Siku moja katika likizo ya Desemba, mnunuzi wa vyuma vikuukuu alipita mtaani kwetu hapa Kisauni na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza. Kaka yangu mkubwa akamwita. Stirio ikatundikwa kwenye ndoana kama papa, mizani ikasoma kilo kumi na moja, na mtu yule akatoa noti mbili za mia mbili. Alisema hata hapo ametuongezea, kwa sababu ndani mna shaba.

Babu alikuwa msikitini kwa swala ya alasiri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Haiuzwi!" kwa sauti iliyonishtua hata mimi mwenyewe. Kaka akacheka. "Unaipendea nini? Si imekufa?" Hesabu yake ilikuwa rahisi: auze mzoga, atie na akiba yake ya kibarua, anunue saundiba, ule mwiko mrefu mweusi unaolazwa chini ya runinga. Yule wa mkokoteni naye akaniambia ati niwaachie wanaume mambo ya mitambo. Hilo ndilo lililonipa nguvu ya kuiteremsha stirio kutoka kwenye ndoana kwa mikono yangu miwili, ndoo nikiwa nimeitua.

Katika makala haya nataka kueleza kwa nini nilisema haiuzwi, na kwa nini nashikilia kuwa stirio za zamani zilizojaa katika nyumba za wazee wetu zisitupwe, zisiuzwe kwa kilo, wala zisipasuliwe matumbo, bali zifunzwe kusema na runinga na simu za siku hizi. Wahenga walituambia kuwa tukiona chungu kipya tusitupe cha zamani. Najua wapo watakaonipinga. Waje.

Babu yangu alikuwa baharia. Mwaka wa 1979 meli yake ilikaa Yokohama siku tisa, na katika duka la vitu vilivyotumika akanunua risiva iliyoandikwa TRIO. Wengi wa rika letu hawalijui jina hilo. Kampuni ya Trio ndiyo iliyojiita Kenwood mwaka wa 1986, na Kenwood sidhani kama kuna makanga wa Mombasa asiyeijua. Risiva, kwa asiyefahamu, ni vyombo vitatu ndani ya sanduku moja: redio, sehemu ya kuchagua na kupamba sauti kwa vifundo vyake, na amplifaya ya kusukuma spika. Yake ina ubao wa kahawia ubavuni, kioo cha namba mbele, na kifundo cha sauti kizito ambacho ukikizungusha unahisi kama unafungua bomba la shaba. Vya siku hizi havina uzito huo. Huo ni upendeleo wangu, nisamehewe.

Sasa, kwa kuwa stirio ile ilitengenezewa Wajapani wala si sisi, ilikuja na mambo mawili ambayo Babu aliyagundua alipofika nyumbani. Kwanza, umeme wa Japani ni volti 100, na wetu ni volti 240. Ilimbidi atafute transfoma ya kupunguzia umeme, sanduku la chuma zito kama jiwe la kusagia, ambalo sisi wajukuu tulikuja kulifanya kigoda. Pili, FM ya Japani wakati huo ilianzia 76 ikaishia 90, ilhali yetu inaanzia 88 na kufika 108. Miaka ile haikumsumbua. Sauti ya Kenya, kabla haijageuzwa kuwa KBC mwaka wa 1989, aliipata kwenye mawimbi ya kati bila taabu, na santuri alikuwa nazo kabati zima. Lakini vituo vya FM vilipoanza kuchipuka kama uyoga katika miaka ya tisini, sindano ya stirio ya Babu ikawa inagota kwenye 90 na kusimama. Capital FM ilipoanza mwaka wa 1996 kwenye 98.4, kwa Babu ilikuwa kama kituo kilichojengwa ng'ambo ya ukuta. Baadaye mashine ya santuri ikakatika mkanda, kanda zikaota ukungu, maana hewa yetu ya pwani haina huruma. Stirio haikufa, msomaji. Ilikosa chakula.

Aliyekuja kuiua ni mimi.

Nilikuwa darasa la saba. Siku hiyo nyumbani hapakuwa na mtu, na lile sanduku letu la kukalia lilikuwa uani. Nikaona waya wa stirio una plagi ya vijiti viwili bapa, nikatafuta adapta, nikaichomeka ukutani moja kwa moja. Kile kioo cha mbele kikawaka! Kikawaka mwanga mweupe ambao sijapata kuuona tena, kwa muda wa kupiga makofi mawili hivi. Kisha paa! Giza, na harufu ya kitu kilichoungua. Nikachomoa, nikarudisha kitambaa na maua, nikafungua madirisha yote. Wiki iliyofuata Babu aliijaribu na transfoma yake, ikamkatalia. Akasema, "Nayo imezeeka," akarudi kuketi. Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza miaka mitatu. Kwa hiyo kaka aliposema imekufa, alikuwa anaongea na muuaji wake bila kujua.

Sasa tuje kwenye runinga, maana ndiyo iliyoleta haya yote. Runinga yetu ya zamani, ile yenye kisogo, ambayo tuliifungia king'amuzi analogi ilipozimwa nchini mwaka wa 2015, ilikuwa na spika usoni, imemwelekea mtazamaji. Hii bapa tuliyonunua mwaka jana picha yake ni ya kupendeza kweli, lakini spika zake ni vijitu viwili vyembamba vilivyofichwa chini na nyuma, vinasema na ukuta. Ndiyo bei ya wembamba. Spika inahitaji nafasi ya kusukuma hewa, na runinga nene kama daftari haina nafasi hiyo.

Babu alifanya kazi kwenye chumba cha injini za meli miaka ishirini na miwili, siku hizo bila cha kuziba masikio ila pamba. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hutangulia kupoteza sauti kali za juu, yaani s, f, t, sh, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kwa Babu "fika" na "shika" ni kitu kimoja. Kuongeza sauti ya runinga hakumsaidii sana, kunaongeza kelele tu. Basi taarifa ya habari ya saa moja ikageuka kuwa vita. Yeye anataka sitini, Mama kichwa kinamuuma, jirani anagonga ukuta, kaka anapunguza kwa rimoti kisirisiri akidhani mzee haoni. Mwishowe Babu akaacha. Ikifika saa moja anachukua mkeka wake anaenda barazani peke yake. Asubuhi anatuuliza, "Jana walisema nini?" na sisi, Mungu atusamehe, tunamjibu kwa maneno matatu huku tunatafuta viatu vya shule.

Hivyo sikatai kuwa nyumba yetu ilihitaji sauti. Ninachokataa ni kwamba dawa lazima inunuliwe dukani ikiwa kwenye karatasi ya nailoni. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nenda uangalie yale masanduku ya spika yanayouzwa barabarani. Yameandikwa wati 3000 PMPO kwa herufi za dhahabu, halafu geuza nyuma usome kibandiko cha umeme: wati 45. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu tu, ila hata somo letu la fizikia linanitosha kujua kuwa chombo hakiwezi kutoa nguvu kuliko kinayopokea. Ujanja huu si wa leo. Marekani uliwachosha mpaka serikali yao ikatunga kanuni mwaka wa 1974 ya jinsi amplifaya za nyumbani zinavyopaswa kupimwa kabla ya kutangazwa wati zake. Ndiyo maana risiva nyingi za miaka ile ya sabini zikiandikwa wati 20, ni wati 20 kweli, na wati 20 za kweli zinatosha kumwamsha jirani wa tatu.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea alituambia jambo ambalo nalipinga hadi leo. Hakuifungua hata. Alisema atatoa vyote vilivyomo, atie kibao kidogo cha Kichina chenye Bluetooth na tundu la flashi, na kioo cha mbele atakiwekea taa za rangi rangi. "Itakuwa mpya kabisa." Mpya ya nini? Hiyo si stirio tena, ni jeneza la stirio lenye redio ya mia tano ndani. Kile kibao hakina transfoma ya maana, hakina vyuma vya kupooza joto, na kikifa hakitengenezeki, kinatupwa. Wako wazee wengi mjini humu waliotengenezewa hivyo, na wenyewe wanashangaa mbona sauti imekuwa nyembamba. Ukitaka kuifanya stirio iwe ya kisasa, usasa ubaki nje, kwenye waya, katika kisanduku unachoweza kukichomoa. Ndani mwache fundi arudishe kilichochoka tu. Vitu vya nje vinabadilika kila mwaka, hata jina la tundu linabadilika, lakini amplifaya nzuri ya 1979 haijui hayo na haihitaji kuyajua.

Fundi wa pili, mzee wa Majengo mwenye miwani miwili, mmoja machoni mmoja kwenye paji la uso, aliifungua mbele yetu. Babu alikuwa amekuja nami. Kwanza kabla ya kugusa chochote alichukua waya wenye kipingamizi akatoa chaji iliyobaki kwenye zile kapasita mbili kubwa kama mikebe ya nyanya, akatuambia hizo zinaweza kumrusha mtu hata chombo kikiwa kimechomolewa. (Kwa hiyo wewe unayesoma na bisibisi mkononi, tafadhali iweke chini.) Akanusa. Akatoa fyuzi, ndani yake nyeusi tititi. Akapima transfoma kwa mita yake, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema, "Nzima hii. Fyuzi iliwahi. Lakini nani aliichomeka kwenye mia mbili arubaini?"

Ukimya ukaingia. Kulikuwa na feni inazunguka na mimi naiangalia. Nikasema, "Ni mie." Nikaeleza yote, hadi yale madirisha. Nilitarajia Babu akasirike, au aseme lile neno lake la kibaharia. Akaendelea kuangalia ndani ya stirio, akasema, "Nilijua siku ile ile. Mtu amekaa chumba cha injini miaka ishirini na miwili, hajui harufu ya waya ulioungua? Nilikuwa nangoja wewe uniambie." Halafu akamgeukia fundi, "Haya, itagharimu ngapi?"

Fundi alibadilisha fyuzi na zile kapasita mbili, maana umeme wa kupita kiasi ulizifura vichwa, na hata bila hayo kapasita za aina hiyo hukauka ndani kwa miaka. Akapuliza dawa ya kusafisha kwenye vifundo na swichi zote. Chumvi ya bahari ilikuwa imezila, ndiyo maana hata zamani spika moja ilikuwa inapotea na kurudi. Mipira ya kingo za spika, ile ya sponji, ilikuwa imegeuka unga, akabandika mingine. Yote pamoja na jasho lake ilikuwa shilingi 3,800. Ile ambayo kaka aliitaka dukani ilikuwa elfu kumi na tatu.

Sasa kazi ya kuilisha. Hapa ndipo nimejifunza mengi na nitakaa kidogo.

Nyuma ya risiva za zamani utakuta matundu ya mviringo, mekundu na meupe, yameandikwa PHONO, AUX, TAPE. Yanafanana kwa sura tu. Tundu la PHONO ni la mashine ya santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, elfu chache tu za volti moja, kwa hiyo ndani ya PHONO mna kikuzaji cha ziada, tena kinaongeza besi na kupunguza sauti kali kwa kufuata jinsi santuri zinavyokatwa. Vyombo vya sasa hutoa mpaka volti 2. Ukivichomeka kwenye PHONO utasikia ngurumo na mikwaruzo, utasema stirio mbovu. Mimi nilifanya hivyo jioni ya kwanza, kaka akafurahi sana. AUX na TAPE ndiyo milango ya vyombo vya sasa, na hata hapo, kwa kuwa volti 2 ni nyingi kuliko walivyozoea wajapani wa 1979, utazungusha kifundo cha sauti kidogo tu na nyumba itajaa.

Tatizo la pili ni kuwa runinga yetu haina matundu hayo. Ina tundu la HDMI, na lingine dogo la mraba ambalo ukilichungulia unaona mwanga mwekundu. Hilo la mwanga lilibuniwa na Toshiba mwaka wa 1983, na linatoa sauti ikiwa katika tarakimu, kwa kuwaka na kuzima haraka. Kwenye runinga, sauti huandikwa kwa tarakimu mara 48,000 kila sekunde. Stirio ya Babu haijui kusoma tarakimu. Inajua umeme unaopanda na kushuka, basi. Katikati panahitajika mkalimani, kisanduku kidogo kama cha kiberiti, upande mmoja waya wa mwanga, upande wa pili nyaya nyekundu na nyeupe za kwenda AUX. Tulikinunua shilingi 1,500. Nacho kilikataa! Kimya kabisa. Nilikaribia kulia. Siku mbili baadaye nikagundua kuwa katika mipangilio ya sauti ya runinga lazima uchague PCM, kwa sababu runinga ilikuwa inatuma sauti iliyofungwa kwa mtindo wa sinema za spika sita, na vikalimani vya bei yetu havijui kuifungua. Nikabonyeza PCM, na mtangazaji akaingia sebuleni kama mgeni aliyekuwa amefungiwa nje. Kizuri kingine cha waya wa mwanga ni kwamba haupitishi umeme, hivyo ule mvumo wa mmm unaoletwa na kuunganisha vyombo viwili vya umeme haupati njia.

Simu je? Kwa muziki wa mtandaoni tuna kidude cha Bluetooth, kimechomekwa TAPE. Kaka ndiye anayekitumia kuliko sote, tena usiku. Lakini nawaonya wale wanaodhani Bluetooth itawatosha hata kwa runinga: mara nyingi sauti huchelewa. Kuchelewa sehemu ya tano ya sekunde hakusikiki katika taarabu, ila kwa runinga mtangazaji anafunga mdomo ndipo neno linafika. Kwa mtu kama Babu, ambaye nusu ya kusikia kwake ni kuangalia midomo, hilo ni kumnyang'anya hata kile kidogo alichobakiwa nacho. Runinga ipelekewe waya.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna duka lililotuuzia. Vile vifundo vya zamani vilikuwa na maana! Kuna kimoja cha TREBLE, cha sauti kali za juu. Babu amekizungusha hadi robo tatu, na zile s na f zake zimerudi, si zote, lakini za kutosha. Kuna swichi ya MONO. Ukiibonyeza, spika zote mbili zinasema kitu kimoja, kwa hiyo spika moja tumeihamishia karibu na kiti chake, futi tatu hivi kutoka sikio lake zuri, na hapotezi chochote cha upande wa pili. Sauti kwa ujumla tumeipunguza kuliko zamani. Mama haumwi kichwa. Jirani aliuliza kama tumehama.

Nikiri upungufu, maana sipendi mtetezi anayeficha. Sauti inayotoka kwenye tundu la mwanga kwenye runinga yetu haitii rimoti. Lazima mtu ainuke akazungushe kifundo. Kaka huona ni adhabu. Babu, ambaye kiti chake kiko pale pale, huona ni cheo. Pili, stirio yetu nyuma imeandikwa wati 90, na ingawa hailali ikila zote, inapashwa moto hata ikicheza polepole, na tokeni zinajua. Huizima ikiisha habari, hatuiachi macho kama runinga. Haiwekewi kitambaa tena, joto lazima lipande litoke. Na lile sanduku la transfoma limeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wangu, onyo ambalo sitalirudia hapa. Aidha, si kila kikuukuu kinafaa. Kama transfoma imeungua, au chombo kilikuwa hafifu tangu kilipotoka kiwandani, sitakudanganya uzike pesa humo.

Lakini vingi vinauliwa vikiwa vizima. Umoja wa Mataifa ulihesabu kuwa mwaka wa 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na kilichojulikana kukusanywa na kurejelewa ipasavyo hakikufika robo. Sisi hatuhitaji kwenda mbali kuona. Pita tu jioni mahali wanapochoma nyaya kutafuta shaba, moshi ule mweusi. Mia nne zangu zilikuwa zinaelekea huko.

Mlezi wa chama chetu aliposoma makala haya akaniuliza kama nadhani shule ingefaa kuwa na siku moja kwa muhula ambapo mafundi wazee wangekuja kutufundisha kwa mikono. Nadhani ndiyo, na mapema, kwa sababu fundi wangu ana miwani miwili na hana mwanafunzi hata mmoja. Transfoma tutaisoma kidato cha nne. Mie niliisoma sakafuni kwetu, kwa gharama.

Taarifa ya saa moja sasa tunaisikiliza wote. Babu anabishana na mawaziri kama zamani. Mkeka umerudi ndani. Juzi alinituma nikashushe santuri kutoka kabatini, akazifuta moja moja kwa kitambaa kile kile cha kufuma, na sasa tunatafuta mkanda wa mashine ya kuzichezea, maana tundu la PHONO lipo bado, linangoja. Na kifundo cha BASS kilipotea tangu stirio ilipoteremshwa kwenye ile ndoana. Tunakizungusha kwa koleo. Kama kwenu kuna TRIO au Kenwood ya zamani iliyokwisha kufa kabisa, na kifundo chake kina upana wa shilingi ishirini hivi, tafadhali nitafute Kidato cha 3 Mashariki, dawati la pili kutoka dirishani.